Orodha ya Karani, Villamontes

Maiti haulizwi sanda.
Mimi ndiye ninayeulizwa:
mfukoni mwake mlikuwa na nini,
thamani yake boliviano ngapi,
na nani wa kutia sahihi.

Fomu ina safu nne. Bohari ina paa la bati,
jua la Chaco linaligonga tangu alfajiri
hata wino unakauka kabla jina halijaisha.
Magunia huja Jumanne na lori la maji;
maji yakishushwa, yanashushwa na hayo.

Melitón Ayaviri, mchunga lama, umri ishirini na moja.
Kombeo moja la sufu, nyeusi kwa nyeupe.
Majani ya koka, konzi moja.
Mawe matatu.
Nilicheka. Kisha nikatoka nje, nikatazama chini:
mchanga, mchanga, miba, mchanga.
Nchi hii haina jiwe la kumtupia hata mbwa.
Alijuaje? Nani alimwambia?
Majuma matatu ameshuka kutoka nyanda za juu
na vipande vya mlima wake vikimgonga pajani.

Mwalimu Condarco: chaki, urefu wa ukucha,
na karatasi yenye majina kumi na tisa.
Mawili aliyaandika yeye, ya mfano.
Kumi na saba yameandikwa na wenyewe;
herufi zimelala chali, nyingine zimesimama kwa kichwa,
S ya Sixto imegeuka nyuma kama mtu aliyeitwa.
Kumi na mmoja kati ya hao nimekwisha kuwaandika mimi,
kwa hati nzuri.

Hilarión Copa: ufunguo mmoja wa chuma, mzito.
Mama yake alijibu kwa mkono wa padri:
sisi hatujapata kuwa na mlango,
tunaziba kwa ngozi ya ng'ombe.
Safu ya nne: haijulikani.

Hata hivyo nilijiona bingwa.
Nilidhani mfuko ni mdomo, ukiufungua utasema.
Bahili nilimjua kwa vifundo vya leso,
mwoga kwa rozari tatu shingoni,
mwenye mapenzi kwa barua zilizochakaa mikunjoni.
Niliwaamua mmoja mmoja, nikipiga muhuri,
mpaka likaja gunia la Luteni Urquidi.

Chupa ya manukato, kioo cha buluu, kizibo cha fedha.
Kikosini walimwita Bibi Harusi.
Nikaizibua, nami ninuse ya watu wa mjini:
maji.
Maji matupu, nusu chupa, yana ladha ya vumbi,
na kikosi kizima kilikufa kwa kiu,
ndimi zimewavimba, vidole vimechimbua mizizi.

Aliyaficha wasiyaone?
Au aliyaweka kwa yule atakayekata roho,
tone kwa tone juu ya midomo iliyopasuka,
na yeye mwenyewe hakuyagusa?
Nusu isiyokuwepo ilipita koo la nani?
Nilikesha na chupa ile mezani.
Taa ikaisha mafuta. Chupa haikusema.
Kulipokucha nikaandika: chupa moja, ya buluu.
Maji sikuyaandika.
Wala sikumwambia mtu kwamba niliyaonja.

Tangu hapo mkono wangu mzito.
Nikishika kiwembe cha mtu, nakishika kama kiwembe.
Buti naziita buti.

Wanasema vita vinakaribia kwisha.
Siku moja mtu ataketi mahali penye kivuli,
birika la maji pembeni, aandike kitabu juu yetu,
avitandaze vitu vyetu kama anayepiga ramli:
huyu alikuwa shujaa, huyu mwizi, huyu mtoto tu.
Namwachia daftari langu. Asome polepole,
alinganishe na fomu iliyokwenda kwa wazazi,
ile ya ukurasa wa arobaini, ya Ayaviri, yenye sahihi yangu:
kombeo moja,
koka konzi moja,
mawe mawili.